Mawe Mawili Meusi ya Lundo

Asubuhi Ignatio alipofumbua macho, mkewe Edina alipiga magoti kando ya kitanda, akasali hadi mwisho, kisha akatoka kumtafuta mpelelezi.

Inspekta Luisa Ndunguru alikuwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Alikuwa ametumwa kutoka Mbinga kulipitia upya jalada la kesi ambalo wenzake wa kando ya ziwa walishaliona limekwisha. Alisimama alipomwona yule mama anakuja, kitenge kimemlegea kiunoni, uso umelowa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ameamka. Ameniita kwa jina langu."

"Tumshukuru Mungu. Amesema lolote kuhusu siku ile?"

"Anakumbuka alikuwa anashuka kwa njia ya kwenye muhogo, anakwenda kutazama kama dagaa wa usipa aliowaanika wamekauka. Baada ya hapo ni giza."

Luisa aliinamisha kichwa. Alitegemea zaidi ya hapo, lakini hakutaka yule mama alisome hilo usoni mwake siku kama ile.

"Kuna jambo," Edina akaendelea. "Walipomkuta mume wangu pale kwenye muhogo, kichwa kilikuwa kimeshafungwa kitambaa, kimekazwa barabara. Daktari anasema bila kile kitambaa tungekuwa tumeshamzika. Nimeuliza Lundo nzima, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekifunga. Nitafutie huyo mtu, mwanangu. Siwezi kukaa na asante isiyo na mwenyewe."

"Kitambaa hicho kiko wapi?"

Edina alikitoa kifuani, kimekunjwa vizuri. Kilikuwa kipande cha kitenge cha kijani chenye misalaba midogo ya njano, kimechanwa upande mmoja. Kilinuka sabuni.

"Umekifua, mama?"

"Kilikuwa na damu ya mume wangu. Ningekiachaje?"

Kielelezo kilichofuliwa ni nusu ya kielelezo. Hata hivyo Luisa alikipokea kwa mikono miwili, akakitia kwenye bahasha, akaandika jina na tarehe. Kwenye jalada kitambaa hicho hakikutajwa hata kwa neno moja.

Mchana ule ule alikuwa Lundo na Koplo Dastan, kijana mchapakazi aliyeshughulikia tukio tangu mwanzo. Dastan alikuwa na hakika yake, akaipanga mbele ya mkubwa wake kama mtu anayepanga matofali.

"Tazama ufuo mzima, Afande. Mawe yote meupe meupe na ya kijivu. Hili lililompiga Ignatio, tulilolikuta kando yake, ni jeusi. Mawe meusi hapa yanapatikana mahali pamoja tu, kule kwenye rasi, na wavuvi wanakwenda kuyachukua kwa ajili ya nanga. Mtumbwi wa Nazari, huyu tuliyemkamata, unatumia nanga ya mawe mawili. Limebaki moja. Na wiki ile ile Nazari na Ignatio waligombana hadharani, kila mmoja anadai mahali pa kuvutia mitumbwi ni pake. Nazari akamwambia, 'Nitakuonyesha.' Watu wamesikia."

"Nani alimwona akipiga?"

"Hakuna, Afande."

Luisa alipanda na ile njia ya kwenye muhogo. Mahali alipoangukia Ignatio bado palikuwa na mashina yaliyovunjika. Alitazama chini ziwani, halafu akageuka kutazama juu. Barabara ilipita juu ya mteremko, ikikata kona kali, na ukingoni nyasi zilikuwa zimelala kwa mstari kuja chini. Alizipiga picha.

"Hapa hupita magari gani?"

"Pikipiki. Malori ya mawe yanayokwenda kwenye ujenzi wa kalavati kule mbele. Lakini siku ile hakuna aliyeliona gari, Afande. Huku chini barabara haionekani."

"Sijauliza aliyeliona. Nani alilisikia?"

Dastan alikuna shingo. "Yule mama aliyemkuta Ignatio wa kwanza alisema alitoka nyumbani kwa sababu ya honi. Ilipigwa mfululizo, mpaka ikamkera. Sikuliandika. Hapa honi hupigiwa mbuzi kila siku."

"Liandike sasa."

Nazari walimkuta kwenye mahabusu ya kituo kidogo, mwanamume mpana wa mabega, ndevu zimeanza mvi. Luisa alimwamkia kabla ya kumhoji, naye akaitika kwa sauti ya mtu ambaye hajaamkiwa siku nyingi.

"Baba, jiwe la pili la nanga yako liko wapi?"

"Chini ya ziwa. Kamba ilisagika kwenye miamba ikakatika."

"Shahidi wako nani?"

"Ziwa."

"Ulimwambia Ignatio utamwonyesha. Utamwonyesha nini?"

"Mpaka waliouweka baba zetu. Mtu akisema nitakuonyesha, lazima iwe kaburi?" Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtuhumiwa aliyewahi kumuuliza Luisa kwanza. "Anaendeleaje?"

"Ameamka leo asubuhi."

Nazari alifunika uso kwa viganja vyake viwili. "Asante, Bwana," alisema. Luisa alijua kwamba hata mwongo anaweza kushukuru, kwa hiyo hakuliweka hilo kwenye mizani. Alikwenda ufuoni, akalifungua jiwe lililobaki kwenye mtumbwi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, akalitia alama, akapakia mawe yote mawili kwenye gari, na yeye na Dastan wakapanda nayo milimani.

Gertruda alikuwa mjiolojia aliyekuwa Mbinga kwa muda, akichora ramani ya miamba ya milima ile. Alikuwa amepanga chumba karibu na soko la kahawa, na mbele ya mlango wake palikuwa na mawe mengi kuliko viatu. Alisafisha meza ya nje, akaitandika gazeti, akaosha mikono.

"Hili la nanga naweza kulivunja?"

"Mwenyewe ameridhia. Hili jingine usiliguse kwa nyundo, dada. Ni kielelezo."

"Halina haja. Hapa pembeni limemeguka lenyewe, na ndani kunaonekana."

Alilipiga jiwe la nanga mara moja tu, likapasuka. Akachukua lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni, akainama kwenye mpasuko wa jiwe moja, akahamia la pili, akarudi la kwanza. Dastan alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Njooni mtazame," Gertruda akasema hatimaye. "Koplo, anza wewe. Jiwe la nanga. Unaona nini?"

Dastan aliweka jicho. "Vipande vipande. Vyeusi na vya kijivu, vimebanana. Vinang'aa."

"Vikubwa kiasi gani?"

"Kama punje za ulezi. Vingine kama mahindi."

"Sasa hilo la kielelezo."

Dastan alikaa kwenye lenzi muda mrefu zaidi. "Hapa sioni punje. Weusi mtupu. Labda vidoa kama unga."

"Basi kazi umeifanya," Gertruda akacheka. "Haya mawe ni ndugu. Yote mawili ni miamba ya moto, yaani yalikuwa uji ulioyeyuka chini ya ardhi, ukapoa ukaganda. Sisi tunaliainisha jiwe la namna hii kwa maswali mawili. La kwanza, limejengwa na madini gani? Haya mawili majibu yao ni yale yale, ndiyo maana yote ni meusi na mazito. Yale meupe ya ufuoni ni ukoo mwingine, graniti, yenye madini mepesi ya rangi ya maziwa. Kwa hiyo Koplo hakukosea alipoyatenga na ufuo."

"Na swali la pili?" Luisa akauliza.

"Lilipoa wapi? Uji ukibaki chini kabisa, umefunikwa na uzito wa nchi nzima, unapoa taratibu mno, na punje zinapata nafasi ya kukua. Hilo ni la nanga, linaitwa gabro, na rasi ya kule Lundo ni gabro yote. Lakini uji ule ule ukipanda kwenye ufa, ukabanwa na miamba iliyokwisha poa, unaganda upesi. Punje hazikui. Hilo ni lako la kielelezo, linaitwa doleriti."

"Haliwezi kuwa limetoka rasi hiyo hiyo, upande mwingine?"

"Swali zuri. Nimeitembea rasi ile yote kwa nyundo hii. Doleriti sikuiona, ingawa mahakamani nitasema sikuiona, sitasema haipo. Maabara itathibitisha aina ya mawe, na nitakuandikia taarifa. Ila tazama hapa." Aliligeuza jiwe bila kuligusa kwa kidole, akitumia kitambaa. Upande wa chini palikuwa na mfereji mnyoofu wa mviringo, laini, kama nusu ya bomba. "Maji hayachongi hivi. Hili ni tundu la mashine ya kutoboa mwamba kabla ya kuulipua. Jiwe hili limetoka machimboni. Na machimbo ya doleriti ninayoyajua mimi upande huu ni ya Mkumbi."

Dastan alikaa chini kwenye kizingiti. "Malori ya mawe," akasema polepole.

"Na nyasi zilizolala kutoka barabarani," Luisa akaongeza. "Na honi."

"Lakini nikuonye, Inspekta," Gertruda akasema. "Jiwe linaeleza lilikotoka. Halisemi lilishikwa na mkono wa nani."

"Naelewa, dada. Lakini kuna mtu mahabusu kwa sababu lilidhaniwa kuwa la nanga yake, na umetuonyesha silo. Mungu akubariki kwa hilo peke yake."

Machimbo ya Mkumbi, waliyoyafikia kesho yake, yalikuwa ubavuni mwa mlima, chini yake mashamba ya kahawa yakishuka hadi mtoni. Gertruda alikwenda nao kwa hiari yake. Alichukua sampuli tatu ukutani, mbele ya msimamizi, akazilinganisha na kielelezo kwa lenzi, akamwitikia Luisa kwa kichwa. Msimamizi alikuwa mtu wa wasiwasi. Alikiri kwamba malori yanayokwenda ziwani ni mengi na madereva hubadilishana, na nani alipita Lundo siku ile hakumbuki. Dastan alitaka madereva wote wakusanywe. Luisa alikataa.

"Ukimwita kila mmoja, mwenye hatia atakuwa na safari nzima ya kutunga maneno. Tukanywe chai."

Nje ya lango palikuwa na kibanda cha mamalishe. Mwenyewe aliitwa Restituta, mwanamke mchangamfu wa Kimatengo, na gauni alilovaa lilikuwa la kitenge cha kijani chenye misalaba midogo ya njano.

Luisa alikunywa chai yake hadi nusu ndipo akasema, "Kitenge kizuri hicho, dada. Naweza kukipata wapi?"

"Huwezi kukipata, mama! Ni sare ya kwaya ya kigango chetu, tulichapisha wenyewe. Kilichobaki kwa fundi tuligawana vipande."

"Wewe chako ulikifanyia nini?"

"Nilimpa mume wangu, cha kufutia kioo cha lori. Basi amekipoteza. Wanaume!" Restituta alicheka, halafu akaona hakuna aliyecheka naye. Alitazama bahasha mezani, mkono wa Luisa uko juu yake. "Kuna nini? Egidi amefanya nini?"

"Sijui bado, dada," Luisa akasema, na ndivyo ilivyokuwa. "Anarudi saa ngapi?"

Egidi alirudi jua likiwa bado juu. Alikuwa mtu mwembamba, amevaa kofia ya sufu. Alipowaona polisi alizima injini, akashuka, akasimama kando ya mlango wa lori. Luisa alizunguka nyuma kwanza. Bawaba moja ya mlango wa nyuma ilikuwa mpya, weldi yake bado haijapakwa rangi.

"Umetengeneza lini?"

"Juzi juzi, Afande."

"Kabla ya hapo mlango ulifungwa na nini?"

"Kamba."

Luisa alimweleza haki zake, kwamba halazimishwi kusema na kwamba atakalosema litaandikwa. Kisha akatoa kile kitambaa kwenye bahasha, akakiweka juu ya boneti. Egidi alikitazama kama mtu anayetazama picha ya marehemu.

"Yu hai?" akauliza.

"Nijibu mimi kwanza. Kitambaa ni chako?"

"Ni changu. Nilikifunga mimi." Sauti yake ilikuwa kavu, ya kusoma. "Pale kwenye kona nilisikia mawe yanamwagika. Kamba ilikuwa imelegea. Nikasimama, nikashuka nikatazame kama yamezuia barabara. Ndipo nikaona miguu ya mtu kwenye muhogo. Nilimfunga kichwa kwa nguvu zangu zote. Simu yangu haikuwa na mtandao. Nikapanda nikapiga honi mpaka niliposikia sauti za watu wanakuja. Halafu nikaondoa gari."

"Kwa nini?"

"Waliua dereva mmoja mwaka jana, huko kwingine, aligonga mtoto. Nilifikiri kundi likifika hawataniuliza kamba ilikuwaje."

"Na uliposikia kuna mtu amekamatwa?"

"Nilisikia. Nikabadilisha njia na mwenzangu nisipite Lundo tena."

Restituta alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kichwani. Hakulia wala hakumtetea. Alisema tu, "Egidi, mtu wa watu amelala ndani kwa ajili yako, na wewe unakuja unakula nyumbani?"

"Panda gari," Luisa akamwambia Egidi. Kisha akamgeukia tena, akiona naye anastahili jibu la swali lake. "Yu hai. Leo amekunywa uji."

Kesho yake, baada ya mkubwa wa kituo kusoma maelezo ya Egidi na taarifa ya awali ya Gertruda, Nazari alifunguliwa mlango. Dastan ndiye aliyeomba kuufungua. Alisimama wima mbele ya yule mzee, kofia mkononi.

"Baba, nilikosea. Niliona jeusi na jeusi nikasema ni moja. Nisamehe."

Nazari alivaa kandambili zake kwa utulivu. "Umekuja mwenyewe kuniambia," akasema. "Wengine wangetuma mtu. Nipelekeni hospitali kabla ya nyumbani."

Wodini Ignatio alikuwa ameegemezwa mito, kichwa chote bandeji. Alipomwona Nazari mlangoni, alijaribu kuinuka.

"Kumbe walikufunga kwa ajili yangu."

"Walinifunga. Wamenifungua."

"Pale pa mitumbwi, chukua wewe."

"Nyamaza, unaumwa. Tutagombana ukipona." Nazari aliketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa jirani yake, na wazee wale wawili wakakaa hivyo. Edina alikuwa amepiga magoti mbele ya Nazari. Ni yeye aliyelitaja jina lake polisi kwa mara ya kwanza, kwa uchungu, bila kuona kitu, na sasa alishindwa kuinua macho.

"Inuka, shemeji," Nazari akamwambia. "Ningekuwa mimi ningemtaja hata padri."

Luisa alimngoja Edina ukumbini. Egidi alikuwa pale, kati ya Dastan na askari mwingine, pingu mkononi, akielekea kusomewa shtaka la kuendesha gari lenye mzigo usiofungwa sawasawa na kuondoka mahali pa ajali. Kumpitisha hospitali hakukuwa kwenye utaratibu wowote. Luisa alikuwa ameliomba kwa mkubwa wake kama hisani, na mkubwa wake alikubali kwa masharti kwamba wasikae.

"Mama, uliniomba nikutafutie mtu," Luisa akasema. "Ndiye huyu aliyekifunga kitambaa. Lakini lazima ujue lote. Ndiye pia ambaye jiwe lilianguka kutoka kwenye lori lake. Na alijua kuwa Nazari yuko ndani, akanyamaza."

Edina alisimama. Alimtazama Egidi kuanzia miguu hadi ile kofia ya sufu. Nesi aliyekuwa akipita na sinia la dawa alisimama pia, bila kujua kwa nini.

"La jiwe utaijibu serikali," Edina akasema. "La kunyamaza utamjibu Nazari, yuko humo ndani, na mimi sitakuombea kwake. Hayo si yangu." Alimsogelea, akaishika ile mikono iliyofungwa pingu, akaiweka kati ya mikono yake. "Langu mimi ni la kitambaa. Asante, baba. Mume wangu ameniita kwa jina. Asante sana."

Egidi, ambaye alikuwa amesimulia kila kitu tangu Mkumbi hadi kituoni bila sauti kumkwama, alikunjika magoti pale pale sakafuni, akaanza kulia kwa sauti.

Dastan alitazama saa, akainama kumshika kwapa amwinue.

"Mwache," Luisa akamwambia. "Mwache kwanza."